Programu Imejam Lakini Bado Iko Hai? Usiiue Haraka, Iulize Kwanza Imekwama Wapi

Picha hii hebu icheki vizuri. Ni Ijumaa saa kumi na mbili jioni, mwisho wa mwezi, tao imejaa watu wanarudi home. Wewe ndio umeachiwa seva ya sacco moja ya matatu, ile programu inapokea nauli za simu na kutumia makanga meseji kwamba pesa imeingia.

Ghafla meseji zinakatika. Abiria ako mlangoni anaonyesha simu, "Pesa imetoka, angalia!" Makanga naye anaapa hajaona kitu. Kelele stage nzima.

Unaingia kwa seva mbio. Programu iko. Haijaanguka, na logi haijaandika kosa lolote. Imekaa tu kama mtu amelala macho wazi. Hapo ndio bosi anapiga.

"Kijana, zima uwashe hiyo kitu! Wateja wananimaliza huku."

Hiyo sacco nimeibuni, lakini hiyo simu ya bosi kila msee amewahi kushika kazi ya seva anaijua. Na wengi wetu hufanya vile tumeambiwa: tunaua programu, tunaiwasha tena, meseji zinaanza kwenda, watu wanapoa. Wiki ijayo, Ijumaa tena, saa kumi na mbili tena, imejam.

Ukiua programu imekwama, unapoteza vitu viwili. Cha kwanza ni ushahidi. Sababu ya kujam iko ndani ya memori ya hiyo programu saa hii, na ukiiua inapotea yote. Cha pili ni chungu zaidi. Kama kuna malipo yalikuwa yamepokelewa yakingoja kuandikwa kwa diski, nayo yalikuwa kwa memori. Yule abiria pesa yake imetoka kwa simu, na kwako haitakuwa na rekodi mahali popote.

Kuna njia nyingine. Inachukua kama dakika tano, na vifaa vyake ni vya bure.

Kudandia programu ikiwa barabarani

Debaga unaijua, ama umeisikia: ni programu ya kuchungulia programu nyingine. Wengi hufunzwa kuitumia kwa njia moja tu, unaanzisha programu yako ndani ya debaga kwa lapi yako, unaenda nayo mstari kwa mstari. Hiyo ni sawa na kupeleka gari kwa fundi ikiwa imezimwa.

Lakini debaga pia inaeza kudandia programu yenye tayari inakimbia. Fikiria fundi anarukia mathree ikiwa Jogoo Road, anaigandisha papo hapo, kila abiria akibaki vile alikuwa, mwenye alikuwa anahesabu chenji mkono ukiwa hewani. Fundi anazunguka ndani, anaangalia kila kitu, anaandika kwa kitabu, kisha anashuka na gari inaendelea na safari. Hakuna mtu alishushwa.

Kwa Linux, mlango wa hiyo kazi unaitwa ptrace. Ni kitu ya kitambo, ilikuwa kwa Unix tangu miaka ya 1970. Debaga inaambia keneli, "Naomba kushika prosesi namba fulani." Keneli ikikubali, inasimamisha hiyo prosesi, halafu inaruhusu debaga kusoma memori yake yote na kujua kila uzi ulikuwa umefika mstari gani.

Nyuzi ni wale wafanyakazi wa ndani ya programu. Programu moja inaeza kuwa na mmoja ama mia, wote wakitumia memori moja. Kumbuka hilo neno, litarudi.

Debaga tutakayotumia ni gdb, ya mradi wa GNU, iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1986. Ni mzee kuliko wengi wetu na bado iko kazini.

Kabla hujaingia, chungulia dirishani

Kwanza tafuta namba ya prosesi. Tuseme programu yetu inaitwa nauli:

pgrep -a nauli

Inakujibu 4821. Hiyo ndio namba yake. Sasa angalia hali yake bila kuigusa:

top -p 4821

Angalia vitu viwili. Kama inakula CPU asilimia 100, haijalala, inazunguka mahali pamoja kama mtu amepotea Gikomba. Kama iko asilimia 0, inangoja kitu. Hiyo peke yake tayari imekata kazi nusu.

Halafu cheki herufi ya hali. R ni kwamba inakimbia. S imelala ikingoja. Z ni zombi, imeshakufa na hakuna kitu utaisoma. Kuwa mwangalifu na D: hiyo inangoja diski ama hifadhi ya mtandao kwa njia yenye haikatizwi. Ukijaribu kuidandia ikiwa D, hata debaga yako itakwama ikingoja nayo. Hapo shida yako iko kwa diski, enda huko.

Yetu iko S, CPU 0. Inangoja kitu, sasa tuiulize ni nini.

Ndani ya nyumba

sudo gdb -p 4821

Ukibonyeza hapo, programu yote inaganda. Huduma imesimama kabisa mpaka uiachilie, kwa hivyo usiende kutengeneza chai. Enda moja kwa moja kwa swali kubwa:

thread apply all bt

Unaambia debaga, "Pitia kila uzi, unionyeshe ulifika wapi na nani aliuita." Inakuletea kitu kama hii:

Thread 3 (LWP 4823):
#0 __lll_lock_wait ()
#1 pthread_mutex_lock ()
#2 rudisha_pesa () at nauli.c:131

Thread 2 (LWP 4822):
#0 __lll_lock_wait ()
#1 pthread_mutex_lock ()
#2 andika_malipo () at nauli.c:88

Thread 1 (LWP 4821):
#0 epoll_wait ()
#1 pokea () at nauli.c:47

Usitishwe na hayo maandishi. Soma kutoka juu: #0 ndio mahali uzi uko saa hii, #1 ndio iliita hiyo, #2 ndio iliita #1. Ukishuka unafika kwa mistari yenye wewe mwenyewe uliandika, na hapo ndio kuna story.

Uzi wa kwanza uko fiti, unapokea malipo na kuyaweka kwa foleni. Lakini hao wawili wengine wote wanangoja kufuli. Tuliambiana nyuzi zinatumia memori moja. Ndio zisiharibiane kazi, uzi ukitaka kugusa rekodi unafunga kufuli kwanza, ukimaliza unafungua. Sasa swali ni, funguo ziko na nani? Ukiwa bado ndani ya gdb:

p kufuli_risiti.__data.__owner
$1 = 4823

p kufuli_akaunti.__data.__owner
$2 = 4822

Umeona hiyo maajabu? Uzi 4822 ameshika kufuli ya akaunti, anataka ya risiti. Uzi 4823 ameshika ya risiti, anataka ya akaunti. Kila mmoja anangojea mwenzake aachilie kwanza. Ni zile mathree mbili zimekutana uso kwa uso kwa kichochoro, na hakuna dere anataka kurudi nyuma. Zitakaa hapo mpaka kesho. Hakuna kosa litaandikwa kwa logi, kwa sababu kwa macho ya kompyuta hakuna kosa limefanyika. Watu wawili wanangoja, basi.

Na mbona ni Ijumaa jioni? Kwa sababu hii inatokea tu kama malipo na kurudisha pesa vimegongana kwa sekunde moja, kila mmoja akiwa ameshika kufuli moja. Asubuhi wateja wakiwa wachache, hiyo nafasi ni ndogo sana. Mwisho wa mwezi watu wakijazana, inafika. Kwa lapi yako ungeitafuta mwezi mzima usiipate.

Okoa pesa za watu kwanza

Kabla hujatoka, kumbuka uzi wa kwanza ulikuwa unaendelea kupokea. Angalia foleni:

p foleni_idadi
$3 = 37

Malipo 37. Yamepokelewa, hayajaandikwa. Kama ungemsikiliza bosi, hao watu 37 wangekuwa wanabishana na makanga usiku huu wote na wewe huna kitu cha kuwaonyesha.

Chukua picha ya memori yote:

generate-core-file

Hiyo inaandika faili kwa diski, mara nyingi inaitwa core.4821, yenye kila kitu kilikuwa ndani ya programu. Hakikisha diski iko na nafasi, kwa sababu programu ikiwa inatumia memori kubwa, faili pia itakuwa kubwa na kuandika kutachukua muda. Kisha toka kwa heshima:

detach
quit

Zingatia hiyo detach. Ndiyo inaachilia programu iendelee na maisha yake. Amri ya kill ukiwa ndani ya gdb inaua programu yenyewe, kwa hivyo usichanganye. Na usiue gdb kwa kill -9 ukiwa umeweka brekpointi. Kwa mashine za Intel na AMD, brekpointi huwekwa kwa kubadilisha baiti moja ya maagizo ndani ya memori kuwa 0xCC. Debaga ikifa ghafla bila kuirudisha, programu ikikanyaga hapo inaanguka.

Sasa basi unaeza kuua na kuwasha. Ndio, bado utaua, kwa sababu hizo nyuzi mbili hazitawahi kuachana zenyewe. Tofauti ni kwamba uko na ile picha. Huduma ikirudi, watu wakienda home, unafungua faili polepole:

gdb ./nauli core.4821
p foleni[0]@37

Na malipo yote 37 yako hapo, moja moja. Unayaandika upya kwa rekodi, Jumamosi hakuna mtu analia.

Marekebisho yenyewe ni mistari michache. Fanya kila uzi ufunge kufuli kwa mpangilio mmoja: akaunti kwanza, risiti baadaye, kila mahali. Kukiwa na mwelekeo mmoja kwa kichochoro, mathree hazikutani uso kwa uso.

"Operation not permitted": keneli imekukataza, na iko sawa

Ukijaribu bila sudo, mara nyingi utaona hayo maneno hata kama programu ni yako mwenyewe. Si kwamba umekosea. Angalia:

cat /proc/sys/kernel/yama/ptrace_scope

Ikisema 0, unaeza kushika prosesi yoyote yako. Ikisema 1, unaruhusiwa kushika tu zile debaga yako yenyewe ilianzisha, ama uwe na nguvu za msimamizi. 2 ni msimamizi peke yake. 3 ni hakuna mtu, na huwezi ibadilisha bila kuwasha mashine upya. Ubuntu walianza kufunga huu mlango kwa toleo la 10.10, mwaka 2010.

Sababu? Fikiria umedownload kagemu kamoja kachafu. Kanakimbia kwa jina lako, kama tu brauza yako. Mlango ukiwa wazi, hako kagemu kangedandia brauza na kusoma nywila zako zote zikiwa kwa memori. Kwa hivyo ukiona watu wakikushow "weka 0 tu, uendelee", kwa lapi ya majaribio ni sawa, lakini kwa seva tumia sudo, umalize, utoke.

Kwa kontena kuna kizuizi kingine. Unaeza kuwa msimamizi ndani ya kontena na bado ukataliwe, kwa sababu uwezo unaoitwa SYS_PTRACE haukupewa. Utauongeza wakati wa kuanzisha kontena, ama uingie kutoka kwa mashine yenyewe.

Sababu nyingine ya kukataliwa: prosesi moja hushikwa na debaga moja tu. Kama mwenzako ameshaingia, wewe ngoja. Utamjua kwa kucheki mstari wa TracerPid ndani ya /proc/4821/status. Kama si sifuri, hiyo ni namba ya debaga yake.

Vitu vya kuchunga kabla uchomeke

Muda. Ukigandisha programu, walioungana nayo hawajui ni wewe. Wataona imenyamaza na watakata. Pia kuna mifumo ya kulinda kontena yenye huuliza programu "uko hai?" kila baada ya sekunde kadhaa. Isipojibu, inauliwa na kuwashwa upya, na ushahidi wako umeenda. Zima huo ukaguzi kwanza kama unaeza. Ukitaka kuingia na kutoka chap chap, tumia hii:

sudo gdb -p 4821 -batch -ex "thread apply all bt"

Inaingia, inasoma, inatoka yenyewe.

Simboli. Ukiona ?? badala ya majina ya fankshoni, programu ilitengenezwa bila habari za debaga ama iliondolewa. Tengeneza na -g, na uweke nakala ya hilo toleo haswa lililo kwa seva. Nakala ya jana kwa programu ya leo itakudanganya mistari.

Siri. Hii usiichukulie mchezo. Memori ya programu ya malipo iko na namba za simu, majina, pengine hata nywila. Ile faili ya core iko nazo zote. Usiitume kwa grupu ya WhatsApp ati wasee wakusaidie. Ifunge, itumie, uifute. Kenya iko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ile ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inafanya kuingia kwa mfumo bila ruhusa kuwa kosa. Kama seva si yako, pata ruhusa kwanza, tena kwa maandishi.

Na kama mimi siandiki C?

Usijali, hii njia si ya wazee wa C peke yao. Wazo ni lile lile, vifaa ndio tofauti.

Java: jstack 4821. Inakuonyesha nyuzi zote, na ikipata zile zinangojeana kwa kufuli za Java, inakwambia wazi kwamba zimekwama.

Python: py-spy dump --pid 4821. Unasoma nyayo za Python bila kubadilisha programu. Kama uko kwa Python 3.14, sasa unaeza kudandia na debaga yake yenyewe: python -m pdb -p 4821.

Go: dlv attach 4821.

Node kwa Linux ama Mac: kill -USR1 4821. Jina linatisha lakini haiui. Inafungua mlango wa debaga kwa 127.0.0.1:9229, kisha unaingia kupitia Chrome. Huo mlango usiuachie mtandao wote, kwa sababu mwenye ataufikia ataendesha chochote anataka ndani ya programu yako.

Ushauri wangu ni mmoja: usingoje Ijumaa ya moto. Leo usiku, kwa lapi yako, andika programu ndogo ya nyuzi mbili na kufuli mbili, zifunge kwa mpangilio tofauti mpaka zijam. Halafu dandia, soma, toka. Rudia mpaka vidole vizoee.

Ndio siku ile bosi atapiga simu akisema "Kijana, zima uwashe", utamjibu bila kutetemeka: "Mkubwa, nipe dakika tano. Kuna pesa za watu ndani, nazitoa kwanza."